Fundi anataka kung'oa pawa steringi kwenye gari langu la spoti, nimruhusu?

#1 Kobe wa Ligula
Wakuu, salaam.

Nina Eunos Roadster ya 1992, ile ndogo ya milango miwili, taa za kuchomoza, paa la turubai. Injini 1600, gia za mkono. Iko hapa Mtwara mjini, ndiyo ninayoendea kazini, na mwisho wa wiki nikipata upenyo naitoa mpaka Lindi na kurudi.

Pampu ya pawa steringi inavuja. Naongeza ATF, yale mafuta yake, inaisha, naongeza tena. Fundi wangu wa Chikongola anasema tusisumbuke kutafuta pampu nyingine. Aing'oe, zile bomba mbili za kwenye steringi raki (ule mtaimbo wa meno unaogeuza tairi) azikutanishe, basi. Kwa maelezo yake gari la spoti halitakiwi kuwa na pawa kabisa, inakunyima kuisikia barabara halafu inakula nguvu ya injini. Akanitolea mfano wa Ferrari F40, kwamba mnyama yule wote hana pawa.

Ameongea kwa kujiamini mno mpaka nikaogopa. Je, kwenye gari la spoti pawa ina maana yoyote au ni mzigo tu? Aliyewahi kuendesha zote mbili aseme.

#2 Mchonga Mpingo
Toa. Gari halifiki hata tani moja unataka usaidiwe kuzungusha usukani? Mmakonde gani wewe? Wenzako wanachonga mpingo toka asubuhi mpaka jua linazama, na hakuna mwenye pampu.

#3 Kobe wa Ligula
Mkuu, mimi Mmwera.

#4 Mchonga Mpingo
Basi weka pampu mbili.

#5 Nahodha wa Shangani
Nimecheka #4.

Turudi kwenye mada. Kwa F40 fundi wako hajakosea, haina pawa. Lotus Elise ilipotoka 1996 haikuwa nayo, na lile gari lilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi. Alfa Romeo 4C ya 2013 nayo haina, wakati huo hata Passo inayo. Porsche 911 ilikaa miaka yote bila pawa mpaka lilipokuja toleo la 964 mwaka 1989.

Ila angalia injini za hayo magari ziko wapi. Zote ziko katikati au nyuma kabisa. Pua ni nyepesi, kwa hiyo tairi za mbele hazijakaliwa na chuma kizito. Roadster injini yake iko mbele. Wameirudisha nyuma kidogo ili uzito ugawane sawa, lakini bado iko mbele. Kwa hiyo mfano wa fundi ni wa kweli, ila haukuhusu moja kwa moja.

#6 Kijana wa Tandahimba
Hata Fomula Wani hawana pawa. Mbio ni mikono, wakuu.

#7 Nahodha wa Shangani
#6 umechapia. F1 wanayo, ya haidroliki. Kanuni zinachokataza ni ile inayoendeshwa kielektroniki. Wasiokuwa nayo ni IndyCar wa Marekani, na ndiyo maana ukiwaona madereva wao mikono imejaa kama wapagazi wa bandarini.

#8 Kijana wa Tandahimba
Mimi nilimaanisha hao hao IndyCar.

#9 Binti Mikindani
Hahaha #8, kona hiyo umeikata bila pawa.

Kaka Kobe, kwanza picha iko wapi? Pili, ninyi mnaongelea kona tu. Mimi ninaendesha Altezza ya kaka yangu. Siku mkanda wa pampu ulipokatika nilikuwa naingia kwenye vichochoro vya mji mkongwe hapa Mikindani, unageuza gari katikati ya ukuta na ukuta. Nilizungusha usukani kwa mikono miwili huku nimesimamia miguu. Barabarani kulikuwa hakuna shida kubwa, shida ilikuja pale pa kupaki. Sasa mjini unapaki mara ngapi kwa siku, na unakata kona za kuchekea mara ngapi?

#10 Mchonga Mpingo
Dada Binti, Altezza ina uzito wa tani moja na mia tatu na ushee. Usiifananishe na kigari cha Kobe.

#11 Fundi Chumvi
Habari zenu. Mimi fundi, niko Lindi. Hapa kuna kitu wengi mnakichanganya na nikikaa kimya huyu ndugu ataharibiwa gari.

Gari lililotoka kiwandani bila pawa si sawa na gari lililong'olewa pawa. Hizo Roadster za kwanza zilikuwepo za aina zote mbili. Ile isiyo na pawa ilipewa raki yake, uwiano wake ni kama 18 kwa 1. Ya pawa ni kama 15 kwa 1. Kwa lugha ya gereji, isiyo na pawa unazungusha usukani mizunguko 3.3 kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, ya pawa 2.8. Unazungusha zaidi lakini ni laini. Ukichukua raki ya pawa ukaondoa pampu unabaki na ule uwiano wa haraka uliotengenezwa kwa kutegemea msaada, na msaada umeutupa. Lazima iwe nzito kuliko ile ambayo haikuwa na pawa tangu mwanzo.

La pili. Akiunganisha bomba tu, ndani ya raki mnabaki na pistoni yenye sili, inasukuma mafuta huku na huku kila ukikata kona. Huo ni uzito wa bure. Kazi ya kweli ni kufungua raki, kutoa ile sili ya pistoni, kusafisha, kupaka grisi, kufunga.

La tatu, na hili mafundi wengi hawalijui. Kwenye valvu ya raki ya pawa kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachojipinda kidogo unapozungusha. Kujipinda kwake ndiko kunakofungua njia ya mafuta. Ukiondoa mafuta, kifimbo bado kinajipinda. Kwa hiyo usukani unakuwa na kauchezo katikati kabla tairi hazijaitika. Wanaofanya kazi hii sawasawa wanaichomelea ile valvu isicheze. Mwambie fundi wako akueleze atafanyaje hapo. Akibabaika, ondoka.

#12 Kobe wa Ligula
Dah. #11 asante sana mkuu. Nimemuuliza kuhusu kifimbo, kaniambia "hizo ni nadharia".

#13 Kijana wa Tandahimba
Ondoka.

#14 Mzee wa Bedford
Vijana, nawasoma. Mimi nimeendesha malori kabla hamjazaliwa, Bedford na baadaye Leyland, tukibeba korosho kutoka Newala na Tandahimba kushusha bandarini. Hakuna cha pawa. Masika ile njia ya juu ilikuwa mchanga na tope, tairi imeingia kwenye mfereji, wewe unapambana na usukani mkubwa kama sinia la pilau. Tulikuwa tunafika.

Lakini nawaambia mliokulia kwenye pawa: usiingize kidole gumba ndani ya usukani. Kiweke juu ya ukingo, sambamba na vingine. Tairi ikigonga jiwe au shimo usukani unageuka wenyewe ghafla, na ule mkono wa kati wa usukani unakikuta kidole pale. Nimemshuhudia utingo aliyepewa gari kwa dakika chache akavunjika gumba. Haidroliki inameza kile kipigo. Bila hiyo kinakuja chote mkononi.

#15 Binti Mikindani
Shikamoo mzee wangu. Hilo la gumba sikuwahi kuambiwa hata chuo cha udereva.

#16 Mzee wa Bedford
Marahaba mwanangu. Chuo wanakufundisha alama za barabarani, mashimo utafundishwa na Mungu.

#17 Mchonga Mpingo
Mzee heshima yako, lakini hiyo ya #14 inanipa nguvu mimi. Kama lori lenye korosho liliendeshwa bila pawa, Roadster itashindikana vipi?

#18 Nahodha wa Shangani
#17, lori lile usukani wake ni mkubwa na gia ya steringi ni ya polepole, unazungusha mpaka unachoka ndipo tairi igeuke. Gari la spoti linataka kinyume chake, uguse kidogo liitike. Huwezi kupata vyote, wepesi wa mkono na wepesi wa kuitika, bila kitu cha kukusaidia. Pawa ndiyo iliyowaruhusu wahandisi kuweka uwiano wa haraka bila kumtoa dereva jasho. Kwa hiyo unaweza kusema pawa ndiyo iliyoleta usukani wa spoti tunaousifia leo.

Ingawa ilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Mmarekani Francis Davis alihangaika nayo miaka ya 1920 akiwa na malori ya Pierce-Arrow akilini, na gari dogo la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Chrysler Imperial ya 1951. Meli ile, si gari.

#19 Mwera Asiye na Haraka
Wakuu, Mtwara mpaka Lindi kila kijiji kuna kibao cha 50 na nyuma ya mwembe kuna tochi. Hisia gani za barabara mnatafuta kwenye spidi 50?

#20 Kobe wa Ligula
#19 umeniumiza.

#21 Mwalimu wa Nachingwea
Habari za jioni. Hoja ya kula nguvu ya injini imepita bila kuguswa, nami nafundisha fizikia.

Pampu ya haidroliki inazungushwa na mkanda muda wote, hilo kweli. Lakini usukani ukiwa umenyooka valvu iko wazi, mafuta yanazunguka tu kurudi kwenye kopo, presha ni ndogo. Presha inapanda pale unapokata, hasa gari likiwa limesimama. Kwa hiyo unaponyooka kutoka Mingoyo kwenda Mtwara unakanyaga mafuta, pampu inakuibia kidogo sana. Utasikia tofauti zaidi ukishusha upepo wa tairi kuliko ukiitoa pampu.

Na hapo kwenye upepo ndipo ningeanzia. Hizo Roadster zinataka PSI 26 kwenye tairi za kiwandani, 185/60 inchi 14. Kobe, umevaa tairi gani?

#22 Kobe wa Ligula
Mwalimu, nilibadilisha rimu. Nina 205/50 inchi 15. Zile za asili zilikuwa na pancha mbaya, na hizi zilipatikana.

#23 Fundi Chumvi
Ahaa. Tairi pana, na nina hakika rimu zimetokeza nje pia. Ukitoa pawa hapo utalia. Rimu ikitokeza, kila shimo linapata mkono mrefu wa kuuvuta usukani.

#24 Kijana wa Tandahimba
Kwani asijaribu kwanza? Toa mkanda wa pampu tu, endesha jioni moja, ukiipenda ndiyo ung'oe.

#25 Fundi Chumvi
#24 leo umeongea. Ila kwenye hiyo gari mkanda wa pampu ndio huo huo wa AC, na unakazwa kwa kuisogeza pampu. Maana yake ni kwamba akiing'oa pampu moja kwa moja halafu anataka AC, itabidi apate kile kipuli cha kukazia mkanda kinachokuja kwenye magari yasiyo na pawa. Mtwara hii sijui atakitoa wapi.

#26 Mchonga Mpingo
AC kwenye gari lisilo na paa? Jamani Wamwera.

#27 Kobe wa Ligula
Njoo Novemba saa nane mchana tufunge paa tukae humo ndani wote wawili.

#28 Kobe wa Ligula
Mrejesho. Nimetoa mkanda, nimeendesha jioni kutoka Ligula hadi Mikindani na kurudi.

Kutoka kwenye maegesho: mzito kwelikweli. Nilipaki sokoni, kijana wa kuuza maji akaja kuuliza kama naumwa. Gari likishatembea kidogo tu, tofauti inaanza kuyeyuka. Kuanzia spidi 30 au 40 nilisahau. Na lazima niseme ukweli, pale kwenye mteremko wa kuingia Mikindani kabla hujaiona bahari, ile kona niliisikia mkononi kwa namna ambayo sijawahi. Usukani ulizidi kuwa mzito kadiri nilivyozidi kuibana, halafu tairi zilipoanza kuteleza kidogo ukapunguza uzito. Kama unaambiwa.

Lakini kuna mawili. Kwenye mnyooko usukani una kauchezo katikati, sikuwa nako kabla. Na nilipogonga kiraka kibovu usukani ulinipokonya. Gumba lilikuwa nje, asante Mzee wa Bedford.

#29 Fundi Chumvi
Kauchezo ni kifimbo. Nilisema #11.

#30 Mwalimu wa Nachingwea
Si lazima. Tairodi na bushi za raki zikiwa zimelika, mafuta yenye presha yalikuwa yanaficha ule ulegevu. Sasa hakuna wa kuuficha. Angepandisha gari kwenye jeki na kutikisa tairi za mbele kwanza.

#31 Nahodha wa Shangani
Au ni kasta, ule mwinamo wa mhimili wa kugeuzia tairi za mbele. Aliyemfanyia alaimenti baada ya kubadilisha rimu ameweka ngapi? Kasta ikiwa kubwa usukani unakuwa mzito lakini unarudi wenyewe katikati. Ikipunguzwa unakuwa laini ila unazurura kwenye mnyooko. Wengine wanaoondoa pawa huipunguza makusudi ili wapumzishe mikono, halafu wanashangaa gari linatangatanga.

#32 Kobe wa Ligula
Alaimenti ya rimu hizi sijafanya.

#33 Fundi Chumvi
Wallahi ninyi watu.

#34 Dereva wa Vitz Lindi
Samahani nadandia. Mnasemaje kuhusu pawa za umeme? Mimi Vitz yangu ni ya umeme, haina mafuta wala pampu. Juzi taa ya P/S ikawaka, usukani ukawa mgumu ghafla, nilikuwa naingia stendi. Kumbe betri imechoka na alteneta inachaji chini. Fundi umeme alipotengeneza pakarudi sawa. Kama Kobe angefunga ya umeme si amemaliza kuvuja?

#35 Nahodha wa Shangani
Wapo wanaofunga, kuna watu Ulaya wanachukua mota za umeme za magari madogo na kuziweka kwenye magari ya zamani. Ila hapa ndipo wapenzi wa spoti wanapogombana. Suzuki ndio walioanza na pawa ya umeme kwenye Cervo mwaka 1988. Honda wakaiweka kwenye NSX ya 1990, lakini ile ya otomatiki tu. NSX ya gia za mkono wakaiacha bila pawa. Jiulize kwa nini. Baadaye S2000 ya 1999 ikaja na ya umeme, ikalaumiwa kwamba usukani hausemi kitu. Porsche 911 ilipohamia umeme mwaka 2011 kelele zilikuwa hizo hizo. McLaren wameng'ang'ania haidroliki mpaka leo, tena kwenye magari mapya.

#36 Binti Mikindani
Na Roadster yenyewe ya 2015 ni ya umeme, na waliopanda wanaisifia. Kwa hiyo tatizo si umeme, ni anayeupanga.

#37 Mchonga Mpingo
Wanaisifia kwa sababu hawajaendesha ya Kobe bila mkanda.

#38 Mwalimu wa Nachingwea
Ile hisia Kobe aliyoisimulia #28, ya usukani kupungua uzito tairi zikianza kuteleza, ipo hata kwenye haidroliki nzuri. Inatoka kwenye tairi na kasta, haitoki kwenye kukosa pampu. Pampu inaifubaza tu, na kiasi cha kuifubaza kinategemea walivyoipanga valvu. Pampu ya Kobe ilikuwa inavuja, huenda ilikuwa inasaidia kwa kigugumizi. Hajawahi kuendesha gari lake likiwa na pawa nzima. Analinganisha bovu na kutokuwepo.

#39 Kobe wa Ligula
Mwalimu hapo sina jibu. Nililinunua linavuja.

#40 Mzee wa Bedford
Inavuja wapi hasa? Kwenye pampu au kwenye bomba? Pwani hii chumvi inakula bomba za chuma kutokea nje, mafuta yanatiririka mpaka kwenye pampu, kila mtu anailaumu pampu. Osha injini, pangusa, washa, mulika tochi. Si ile ya trafiki.

#41 Fundi Chumvi
Mzee kanizidi. Lindi hapa ndiyo kazi yangu kubwa, bomba zilizooza. Na sili za pampu peke yake zinauzwa, huhitaji pampu nzima.

#42 Kijana wa Tandahimba
Akiitoa pampu mimi naichukua. Kuna mtu Masasi ana Mazda Familia ya zamani anatafuta.

#43 Kobe wa Ligula
Ndugu yangu sijaamua na wewe umeshapata mnunuzi?

#44 Kijana wa Tandahimba
Msimu wa korosho hauko mbali, watu wana hela. Fikiria.

#45 Mwera Asiye na Haraka
Nimesoma zote. Wanaosema toa: Mchonga na fundi wa Chikongola. Wanaosema baki: Dada Binti na mabega yake. Waliobaki wanasema "inategemea". Kobe, mwisho wa siku umeamua nini?

#46 Kobe wa Ligula
Jumamosi naosha injini nione inapovujia, kama alivyosema Mzee. Mkanda nimeurudisha, mama watoto amekataa kuliendesha gari bila pawa. Ila zile kona za Mikindani nitautoa tena siku moja, nisidanganye.

Na hilo la tairi, kuna anayejua pa kupata 185/60 inchi 14 mpya hapa Mtwara au Masasi? Mitumba sitaki.

#47 Mchonga Mpingo
Inchi 14 za Raum zinaingia? Binamu yangu anazo nne Magomeni, ila sijui saizi.

#48 Fundi Chumvi
Asome ubavuni aandike hapa kabla hajapokea hela ya mtu.